Joto, Vumbi na Bolti Iliyoganda: Miaka Mia ya Gari katika Njia ya Buna

Mwishoni mwa Julai 1940, Buna ilikuwa mikononi mwa Waitalia. Walikuwa wameshaichukua Moyale baada ya askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza, kuponyoka usiku wa kuamkia tarehe 15 mwezi huo, kisha wakashuka kusini hadi Debel na Buna, karibu kilomita 100 ndani ya Kenya. Mbele yao kulikuwa na Wajir, ambayo ndege zao zilikuwa zimeipiga mabomu Juni, na baada ya Wajir ilikuwepo njia ya Isiolo na Nairobi. Hawakuendelea. Walipungukiwa na mahitaji, na katika nchi ile upungufu wa aina hiyo hulisimamisha jeshi zito zaidi ya ukuta. Kikosi chenye magari huhitaji maji ya kunywa watu na maji mengine ya kunywa rejeta.

Vitabu vya vita huipita Buna upesi vikielekea Mogadishu na Addis Ababa. Anayetaka kuijua historia ya gari kaskazini mashariki mwa Kenya, hata hivyo, hana budi kusimama hapo. Mji huu mdogo wa Wajir Kaskazini, uliokua penye visima kwenye njia ya kwenda Moyale, umepitiwa na malori ya jeshi, malori ya mifugo, magari ya polisi na magari ya misaada, na kila zama yamesumbuliwa na mambo yale yale matatu: joto, vumbi, na umbali wa duka la spea. Fundi anayelala leo chini ya gari dogo la mitumba uani mwa mtu, akihangaika na bolti ya kiyoyozi isiyotaka kufunguka, ameurithi mzigo huo wote. Ni fundi anayestahili kuandikiwa historia yake, na anayestahili zaidi ya hapo kusaidiwa.

Kabla ya gari alikuwepo ngamia. Serikali ya kikoloni ilipoweka kituo Wajir mwaka 1912, barua, unga na risasi vilifika kwa migongo ya ngamia, na safari ilipangwa kwa kuhesabu visima. Eneo lote lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyofungiwa watu na biashara kwa Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902 na baadaye Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934. Hakuna aliyeingia au kutoka bila kibali. Serikali iliyoliona eneo kuwa uzio wa kuitenga Ethiopia na mashamba ya walowezi haikuona sababu ya kulijengea barabara nzuri. Mwaka 1924 wapiga picha wa Kimarekani, Martin na Osa Johnson, waliufikia mlima Marsabit kwa msafara wa magari na wakakaa huko miaka kadhaa. Safari yao ilionyesha kuwa gari linaweza kufika kaskazini, lakini lao lilikuwa gari la mgeni mwenye fedha. Kwa mwenyeji, ngamia aliendelea kuwa ndiye anayefika.

Magari ya miaka ile yalikuwa na rejeta isiyozuia shinikizo. Maji yakichemka, mvuke ulitoka na haukurudi, na dereva alilazimika kujaza tena na tena. Leo kifuniko cha rejeta hulibana shinikizo ili maji yachelewe kuchemka, lakini wakati ule dawa ilikuwa ni kusafiri usiku, kusimama mara kwa mara, kufungua mbavu za boneti ili upepo upite, na kubeba madebe ya akiba. Pamoja na madebe hayo kulikuwa na kiriba cha turubai kilichoning'inizwa nje ya gari. Turubai lilivuja kidogo kidogo, maji yaliyojitokeza nje yakakauka kwa upepo wa safari, na yalipokauka yalichukua joto la maji yaliyobaki ndani. Msafiri aliyefika kisimani mchana wa jua kali alikuwa na maji baridi ya kunywa bila barafu wala umeme.

Kanuni iliyopoza kiriba hicho ndiyo inayoendesha kiyoyozi cha gari: kitu cha majimaji kinapogeuka mvuke, hunyonya joto la kilicho karibu nacho. Tofauti ni kwamba kiriba kiliyapoteza maji yake hewani, na kiyoyozi kinatakiwa kuizungusha gesi ile ile miaka na miaka bila tone kutoka.

Vita vilibadilisha barabara. Kuanzia katikati ya 1940 Kenya ilipokea vikosi kutoka Afrika Kusini, Gold Coast na Nigeria, na wahandisi wa Afrika Kusini wakaanza kuchimba visima na kufungua njia ambazo ngamia tu walizijua. Tarehe 16 Desemba 1940 vikosi vya Afrika Kusini na Gold Coast viliishambulia El Wak, penye mpaka wa Somalia, na Februari 1941 Moyale ikarudi mikononi mwa Waingereza. Njia zilizofunguliwa kwa ajili ya mizinga zilibaki, na kwa miongo mingi ndizo zilizokuwa barabara za kaskazini. Zilichorwa na mahitaji ya vita, si na masoko wala malisho.

Lililobaki lenye faida kubwa zaidi kuliko barabara lilikuwa ujuzi. Jeshi liliwahitaji madereva na mafundi kwa maelfu, likawafundisha Waafrika kazi ambazo kabla ya hapo zilihodhiwa na Wazungu na Wahindi. Kikosi cha usafirishaji cha Afrika Mashariki na kile cha mitambo na umeme vilitoa watu waliojua kuvua injini, kuziba rejeta kwa risasi ya kulehemu na kuchonga kipuri kutoka chuma chakavu. Wengi walipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma. Walipoachishwa jeshi baada ya 1945, ujuzi huo ulirudi nao nyumbani, ukaingia kwenye malori ya biashara. Hivyo ndivyo ufundi ulivyosambaa katika sehemu nyingi za Kenya: dereva alimfundisha utingo, utingo akawa dereva, naye akamfundisha mwingine. Chuo kilikuwa kando ya barabara, na mtihani ulikuwa gari kuondoka au kulala hapo hapo.

Uhuru ulipokuja, kaskazini mashariki haikuonja urahisi wake. Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa, na vita vya shifta, waasi waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, vikaendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Mabomu ya ardhini yalitegwa njiani, magari yakasafiri kwa misafara yenye ulinzi, na gari lililoharibika peke yake likawa hatari kwa waliomo. Hata baada ya vita kwisha, sheria za hali ya hatari ziliendelea hadi 1991. Katika miaka hiyo, lori la mifugo ndilo lililokuwa basi la kaskazini. Ng'ombe na mbuzi walisimama ndani, abiria wakakaa juu ya vyuma wakiwa wamejifunga vitambaa usoni kwa vumbi, na safari ya kwenda Nairobi ilichukua siku kadhaa.

Mwenye lori hakuweza kungoja spea kutoka Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi kila kilipovunjika kitu. Bolti ya lori moja ilihamia lori jingine, mpira wa gurudumu uliokwisha ulikatwa vipande vya kuzuia mtikisiko, na nati iliyozoea kulegea kwa barabara yenye mawimbi ya mabati ilichomelewa ili isilegee tena. Ufundi huo uliokoa maisha. Pia ulimwachia fundi wa kesho deni, maana nati iliyochomelewa haifunguki kwa spana.

Kiyoyozi kilichelewa sana kufika hapa, ingawa duniani kilikuwa na umri mkubwa. Kampuni ya Packard ya Marekani ilikuwa ya kwanza kuuza magari yenye kiyoyozi kilichofungwa kiwandani, kwa magari yake ya 1940, mwaka ule ule Waitalia walipoketi Buna. Mtambo wenyewe ulijaza sehemu kubwa ya buti. Gesi iliyotumika katika viyoyozi vya magari kwa miongo iliyofuata, R-12, ilitokana na kazi ya Thomas Midgley na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1920, nayo ilisifiwa kwa kuwa haiwaki wala haina sumu. Kenya ya wakati huo haikuhusika. Land Rover na Land Cruiser za serikali zilizopita Buna baada ya vita zilikuwa na madirisha ya kufungua na turubai la kukunja, basi.

Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1990 kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa msiba. Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilianguka Januari 1991, wakimbizi wakavuka mpaka, kambi za Dadaab zikafunguliwa, na barabara za Garissa na Wajir zikajaa magari meupe ya mashirika ya misaada, mengi yakiwa na kiyoyozi. Mlango wa pili ulikuwa biashara. Uchumi ulipolegezwa, magari ya mitumba ya Japani yalianza kumiminika kupitia bandari ya Mombasa, na karibu kila moja lilikuwa na kiyoyozi, hata dogo kabisa la familia. Mwalimu, muuguzi na mwenye duka wakajikuta na starehe ambayo mkuu wa wilaya wa kikoloni hakuiota. Kisha ubaridi ukakata, na gari likapelekwa kwa fundi aliyefundishwa injini, breki na springi, lakini hakuwahi kufundishwa gesi.

Kwa nini kiyoyozi hufa haraka katika nchi ambayo ndiyo inayokihitaji zaidi? Jibu liko mbele ya gari. Kondensa, yaani ule wavu unaotupa joto nje, hufungwa mbele ya rejeta. Gesi ya R-134a, iliyochukua nafasi ya R-12, huchemka kwa nyuzi 26 chini ya sufuri ikiwa wazi, lakini ndani ya kondensa lazima ibanwe hadi igeuke majimaji kwenye joto kubwa kuliko la nje. Kondensa ikifika nyuzi 60, jambo la kawaida mchana wa Machi kwenye vumbi, shinikizo ndani yake hufika karibu mara 17 ya hewa ya kawaida. Vumbi likiziba nafasi za kupitisha upepo, shinikizo hupanda zaidi, beringi za kompresa, pampu inayoibana gesi, huumia, na mipira ya viungo huanza kuvujisha. Na kwa kuwa hewa hufika kwenye rejeta ikiwa imeshapashwa na kondensa, injini nayo hupata moto. Ndiyo maana dereva mzoefu huzima kiyoyozi anapoingia kwenye mchanga mzito. Adui wa mwaka 1924 na wa leo ni mmoja.

Ukarabati wenyewe huanzia kwenye bolti, na mara nyingi huishia hapo. Ganda la kompresa ni la alumini, na bolti zinazolishika ni za chuma. Metali hizi mbili zikigusana penye unyevu wenye chumvi, umeme mdogo hupita kati yake, na alumini ndiyo inayoliwa. Kutu yake ni nyeupe, ni unga mgumu unaojaza meno ya bolti na kuchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, ndiyo maana bolti hubanwa kana kwamba imekaziwa upya. Mtu atauliza chumvi ilitoka wapi, na Wajir iko mbali na bahari. Gari lilikuja nayo. Katika mikoa ya kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurushwa na magurudumu hadi tumboni mwa gari. Baada ya hapo gari husafiri baharini wiki kadhaa na kusubiri bandarini penye upepo wa bahari. Kenya huruhusu gari la mitumba lisilozidi miaka minane, na miaka minane inatosha sana kwa bolti kuganda.

Fundi wa kaskazini ana elimu yake juu ya jambo hili, na ni elimu nzuri. Husafisha kwanza meno yanayoonekana kwa brashi ya waya. Hudondoshea mafuta taa, dizeli au mafuta ya breki na kuyaacha yalale usiku kucha. Asubuhi hugonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi, ili unga uvunjike na mafuta yapenye. Hutumia spana ya duara inayokikumbatia kichwa chote, si ile ya mdomo wazi inayolika pembe. Bolti ikisogea kidogo tu, hairudishi nguvu yote kwa pupa, bali huikaza tena kidogo, huilegeza, huikaza, mpaka njia ifunguke. Anayekimbilia kuingiza bomba refu kwenye mkono wa spana hupata ushindi wa sekunde moja, kisha husikia mlio wa bolti inayokatika.

Ikikatika, kazi ya saa moja huwa ya siku mbili. Kipande kilichobaki hutobolewa kwa drili katikati hasa, au nati huchomelewa juu yake ili spana ipate pa kushika. Joto la kuchomelea lenyewe husaidia, kwa sababu alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma kwa kila nyuzi ya joto. Tundu hutanuka kuliko bolti, na mshiko hulegea. Mafundi wengi wa jua kali huijua siri hiyo kwa mikono yao kabla ya kuisoma popote.

Lakini hapa ndipo ujuzi wa lori unapogeuka hatari. Moto uliozoewa kwenye springi na ekseli haufai karibu na mfumo wenye gesi. R-134a ikikutana na moto mkali hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu, na paipu iliyofungwa ikipashwa moto inaweza kupasuka. Ikirukia ngozi au jicho ikiwa majimaji, huunguza kwa baridi. Viungo vya paipu navyo ni vya alumini laini. Nati iliyoganda ikizungushwa kwa spana moja, paipu nzima hujisokota na kupasuka, kwa hiyo lazima spana ya pili ishike upande wa pili. Draya, kile kikopo kinachonyonya unyevu, hubadilishwa kila mfumo unapofunguliwa, na hewa yote hutolewa kwa pampu kabla ya kujaza gesi, kwa kuwa maji yaliyobaki ndani hutengeneza asidi na kuila kompresa mpya. Gesi ya kupikia, ambayo baadhi ya watu huijaza kwa sababu ni rahisi kupatikana, humweka dereva nyuma ya dashibodi yenye kitu kinacholipuka.

Na gesi ya zamani iliyokuwemo ndani huenda wapi? Pasipo na mashine ya kuinyonya, nati hulegezwa na gesi huachiwa hewani. Dunia ilikwishaamua kuwa jambo hilo si dogo. Mkataba wa Montreal, uliotiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, uliipiga marufuku R-12 kwa awamu kwa kuwa ilitoboa tabaka la ozoni, na Kenya ikajiunga mwaka 1988. R-134a haigusi ozoni, lakini kilo moja yake huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,400 ya kilo moja ya hewa ya ukaa, na gari dogo hubeba takriban nusu kilo. Ndiyo maana Oktoba 2016, mjini Kigali, nchi zilikubaliana kuipunguza nayo, na nyingi za nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, zikapewa 2024 kuwa mwaka wa kuacha kuongeza matumizi. Sekretarieti inayousimamia Mkataba wa Montreal iko Nairobi, katika makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa pale Gigiri. Kanuni za Kenya kuhusu kemikali hizi zilitolewa mwaka 2007. Makao makuu ya vita vya kuiokoa hewa ya dunia yamo katika nchi moja na fundi asiye na hata geji ya kupimia gesi.

Hilo si kosa la fundi. Barabara ya lami ya Isiolo hadi Moyale ilikamilika katika nusu ya pili ya muongo uliopita, na imewapunguzia wa Marsabit na Moyale vumbi na siku za safari. Barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, yenye zaidi ya kilomita 700, inajengwa, sehemu yake kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2020. Lami ikifika, magari madogo yataongezeka, na viyoyozi pamoja nayo. Kama mafundisho hayatatangulia, kitakachoongezeka ni gesi inayoachiwa hewani katika mojawapo ya sehemu zinazoumizwa zaidi na ukame nchini.

Mahitaji yanajulikana na si makubwa. North Eastern National Polytechnic iko Garissa, na ina uwezo wa kupeleka walimu Wajir, Buna na Moyale badala ya kumngoja fundi mwenye familia aache kazi aende mjini. Sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini, iliyozinduliwa mwaka 2024, impe cheti aliyefungua bolti ngumu kwa miaka 20 bila darasa. Somo lenyewe lifundishwe kwa Kiswahili na Kisomali, kwa siku chache, likihusu gesi, shinikizo na usalama, kwa sababu spana na nyundo anazijua tayari. Mashine moja ya kunyonya gesi, pampu moja na geji za kutosha viwekwe katika kituo cha kaunti ambapo fundi yeyote atalipa kidogo na kuvitumia.

Serikali ya Kaunti ya Wajir iliweke jambo hili katika bajeti yake kabla lami haijafika. Na mwenye gari, kabla hajakubali bolti ya kwanza ilegezwe uani mwake, amuulize fundi swali moja: gesi iliyomo ndani itaingia wapi? Kama jibu ni hewani, aliendeshe gari lake madirisha yakiwa wazi mpaka apate mwenye mashine.